Mkalimani wa Babu

Kila nirudipo likizo nyumbani Malindi, kazi yangu ni kumfuata babu kwenye mikutano ya mtaa. Masikio yake yamekuwa mazito, basi mimi hukaa ubavuni pake nikamrudia kila linalosemwa. Siku moja yalizungumzwa mambo mengi, ila mtaro unaoziba wakati wa masika haukutajwa. Nilitaka kuutaja, lakini niliona haya, nikanyamaza. Masika yalipofika, maji yaliingia mpaka ukumbini mwetu.

Muhula huu maalimu alitutaka tuandike habari za mtu aliyeanza baraza dogo akafika kubwa. Nilimchagua Bibi Ilhan Omar. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita viliwatoa kwao, wakaishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, karibu na Mombasa, na mwaka 1995 wakaingia Marekani. Alipokuwa kijana wa miaka 14 alifuatana na babu yake kwenye mikutano ya chama ili amfasirie Kiingereza. Niliposoma hapo nilisita, kwani nilijiona mimi mwenyewe.

Marekani kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, na taifa zima lina Bunge lake. Nasi tuna Baraza la Wawakilishi Chukwani na Bunge la Muungano Dodoma. Tena wajumbe 5 wa Baraza letu huchaguliwa na wenzao kwenda kuketi katika Bunge hilo.

Bibi Ilhan aliingia baraza la jimbo la Minnesota kwa uchaguzi wa mwaka 2016, baada ya kumshinda katika kura za chama Phyllis Kahn, aliyekuwamo kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2018 alichaguliwa kwenda Bunge la taifa. Huko palikuwa na kanuni ya tangu 1837 iliyokataza kufunika kichwa ukumbini, naye huvaa mtandio. Januari 2019 kanuni ikarekebishwa, akaketi na mtandio wake. Wako wampendao na wako wampingao vikali, lakini hakuna asiyejua kauli yake.

Nilipomsomea babu insha hii, kwa sauti kubwa, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe siku ile ya mkutano, mbona hukusema habari ya mtaro?"

Sikuwa na jibu. Mimi siutamani ubunge. Lakini likizo ijayo, nikiisha kumrudia babu maneno ya watu, nitanyosha mkono niseme na yangu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Dahalia