Bastola Haijifyatui

Kuna kitenzi kimoja kwenye taarifa za habari ambacho kimenikera tangu niko sekondari: "ilijifyatua." Mlinzi alikuwa anasafisha silaha, ikajifyatua. Mtu aliinama kuokota funguo, bastola ikajifyatua. Jirani yangu wa kitanda cha juu hapa Mabibo Hosteli, anayesoma Kiswahili, ndiye aliyenionyesha kero ilipo: ni hiyo -ji-. Ukisema "mtoto amejikata", mtoto ndiye mtenda na ndiye mtendwa. Ukisema "bastola imejifyatua", umekipa chuma mkono na akili, na binadamu aliyeishika ametoweka kwenye sentensi.

Mimi nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati. Kwangu swali hili haliishii kwenye sarufi, lazima tuifungue mashine yenyewe. Tuchukue bastola ya silinda, ambayo Mmarekani Samuel Colt alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1836.

Silinda ina matundu, mara nyingi sita, na kila tundu linabeba risasi moja. Duara lina nyuzi 360, kwa hiyo kutoka tundu hadi tundu ni nyuzi 60. Nani anaizungusha? Kidole cha mpigaji. Akianza kuvuta kifyatulio, kichuma kidogo kinasukuma meno yaliyo nyuma ya silinda, kama kile kinacholia tik-tik-tik kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli. Nyuzi 60 zikitimia, kichuma kingine kinapanda kutoka chini na kuifunga silinda, tundu likiwa sawasawa na mtutu. Wakati huohuo nyundo inarudi nyuma ikikandamiza springi. Mwisho wa mvuto nyundo inaachiwa na kugonga fataki. (Sio yule fataki wa matangazo ya redio anayewafukuzia wanafunzi. Hiki ni kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi.) Fataki inawasha baruti, na gesi inasukuma kichwa cha risasi nje.

Kuvuta namna hiyo mpaka mwisho kunahitaji nguvu kama ya kubeba kilo tano hivi. Chukua mfuko wa unga wa kilo tano, uning'inize kwenye kidole cha shahada, halafu uniambie kama kidole chako hakina habari.

Mwenzetu wa Sheria, ambaye tunabebana naye chumbani, alinipinga, na hoja yake ni nzito. Bastola za zamani zilikuwa zinaweza kulia zikidondoka, kwa sababu ncha ya nyundo ililala juu ya fataki. Ni kweli. Ndiyo maana waliozibeba walikuwa wanaacha tundu moja tupu chini ya nyundo: bastola ya sita inabeba tano. Baadaye wabunifu wakaweka kizuizi cha chuma ambacho kinairuhusu nyundo kufika pale tu kifyatulio kinapovutwa. Ni kweli pia kwamba ukishairudisha nyundo kwa dole gumba, mguso mdogo tu unatosha. Lakini hapo kuna dole gumba la mtu. Kuna mtu aliyeweka risasi, aliyeacha tundu limejaa, aliyeibeba silaha mbovu. Kila hatua ya huu mtambo ina mtu nyuma yake. Hata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inatoa leseni kwa mtu, haitoi kwa bastola.

Hili halipo mbali na sisi. Februari 2018, mwanafunzi wa NIT, majirani zetu hapahapa Mabibo, alikuwa ndani ya daladala maeneo ya Mkwajuni, Kinondoni. Polisi walikuwa wanatawanya waandamanaji. Risasi ikampata, akafariki. Alikuwa anashughulikia barua ya mafunzo kwa vitendo, kama unavyohangaika na yako wewe. Alikuwa na miaka 22, umri nilionao leo. Kila nikipita Mkwajuni nafikiria kwamba silaha ile nayo, ya aina yoyote iwayo, ilikuwa na kifyatulio, na kifyatulio kilikuwa na kidole.

Wapo wanaosema mwalimu asiongelee mambo haya darasani, atawafundisha watoto ubaya. Nikiwa TP, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza katikati ya mada ya nishati kama ni kweli bastola "inaweza kuamua." Nikamchorea springi na nyundo, nikamuuliza nishati ya kukandamiza springi imetoka wapi. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa mtu, mwalimu." Sijui somo gani la uraia lingefika haraka kuliko hapo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanahabari watarajiwa, wanasheria watarajiwa na walimu wenzangu ni dogo. Hata "ilifyatuliwa" haitoshi, maana nayo inaficha. Andikeni nani alifyatua. Kama hajajulikana, andikeni kwamba hajajulikana, ili tuendelee kuuliza.