Kukata Mshazari

Anayejifunza kuunga bomba la chuma hulikata wima, hugusanisha ncha mbili, kisha huchomelea kwa kuzunguka. Kwa macho, bomba ni zima. Lakini joto limepita kwenye mduara mmoja, na chuma cha kando ya mshono kimebadilika. Mzigo ukizidi, hukatikia hapo.

Wanaojitengenezea ndege ndogo nyumbani wanalijua hili vizuri. Mifupa ya kiwiliwili cha ndege kama Piper Super Cub ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kisha yakavikwa kitambaa. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani wa mwaka 1998 unataka bomba likatwe mshazari, kwa nyuzi 30, na kipande cha bomba jembamba zaidi kiingizwe ndani. Kati ya ncha huachwa mwanya wa milimita 3 hivi, ili mshono ushike mpaka kipande cha ndani. Tena kiungo kisiwe katikati ya bomba. Hivyo udhaifu hutawanyika, haukai mahali pamoja.

Niliusoma mwongozo huo mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Likizo nikaenda Katoro, mkoani Geita, kwa mjomba wangu. Alitoka Shinyanga na baiskeli yake, na kwa baiskeli hiyo hubeba viroba vya mawe kutoka maduarani hadi kwenye karasha. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo.

Bomba la juu la fremu lilikuwa limekatika karibu na kiti. Fundi akachukua grinda, akakata mshazari kwa jicho tu, akachomeka kipande cha paipu ndani, akachomelea.

"Mjomba," mjomba akaniuliza, "wewe uliyesoma, itabeba viroba viwili?"

Hesabu za mwongozo huanza na chuma ambacho aina na unene wake vinajulikana. Hapa hatukujua hata kimoja. Nikamjibu kwamba kiungo kimekatwa inavyotakiwa, ila uzito siwezi kumtajia.

Fundi hakusema neno. Alifunga viroba viwili, akapanda mwenyewe, akateremka hadi kwenye kalavati na kurudi. Kisha akainama, akapitisha ukucha kwenye mshono wote, akitafuta ufa.

Siku hiyo mjomba alibeba kimoja. Sasa hubeba viwili. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo, namwomba apitishe ukucha.