Kabla hujanunua chombo cha jikoni, uliza uko mita ngapi

Jamani, leo tuache siasa kidogo tuingie jikoni. Naona sisi vijana, wa kike kwa wa kiume, tukipata kazi na kupanga chumba na sebule, kitu cha kwanza tunachokimbilia ni vyombo. Tunaangalia picha kwenye simu, tunaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi mpaka Iringa au Mbeya. Mashine ya kukatia vitunguu. Seti ya visu kumi na viwili, wakati tunachokata kila siku ni nyanya na chainizi. Baada ya miezi miwili nusu ya vitu hivyo viko juu ya kabati vinakula vumbi.

Sasa swali: chombo kizuri ni kipi? Mimi nasema ni kile kinachojua unapika nini na unapika wapi. Hilo neno "wapi" ndilo tunalolisahau, na kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini lina uzito mkubwa.

Tuanze na sayansi ya shule ya msingi. Tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Kweli, lakini hiyo ni Dar es Salaam, usawa wa bahari. Ukipanda juu hewa inapungua uzito, na maji yanachemka mapema, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemkia kwenye nyuzi 95 hivi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700, huko ni kama 94. Na maji yakishachemka, ongeza moto utakavyo, hayapandi tena. Utaona mapovu mengi zaidi na mkaa utaisha haraka, basi. Joto ni lile lile.

Nyuzi tano au sita unaweza kuziona ndogo. Muulize mtu aliyehama kutoka Pwani akateleka maharage Mbeya kwa saa alizozizoea. Mwaka 1835 Charles Darwin akivuka milima ya Andes, Amerika Kusini, wenzake walichemsha viazi usiku kucha na asubuhi wakavikuta vigumu. Wao wakailaumu sufuria, kwa kuwa ilikuwa mpya. Darwin alijua tatizo ni mlima. Hata leo jikoni kwetu tunawalaumu muuza maharage, dada wa kazi na mkaa mbichi, mlima hatuutaji.

Mtaniuliza, sasa hilo lina ubaya gani? Yachelewe, tutakula saa tatu usiku. Ubaya upo. Tembelea nyumba kumi zenye mtungi wa gesi, Mwanjelwa au Kihesa, uangalie kibarazani. Nyingi utakuta jiko la mkaa lipo pale pale. Ukiuliza utajibiwa: gesi ni ya chai na mayai, maharage na makande ni mkaa. Hawa si watu wanaokataa maendeleo. Wamepiga hesabu, wakaona mtungi wa kilo 6 utakatika kwa maharage katikati ya mwezi. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini kwa ninavyoona mimi, huku kwetu vita hiyo itaamuliwa na chungu cha maharage. Mkaa hautoki kibarazani mpaka maharage yapate pa kuivia. Na moshi ule anayeuvuta mchana kutwa ni mama, au binti aliyeachwa nyumbani kuyachungulia.

Sitaki kuvidharau vyombo vya zamani. Nenda Matema, Kyela, uone vyungu vya akina mama wa Kikisi vinavyotoka Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Vyembamba, vyepesi, na tako la mviringo. Lile tako halikuwekwa kwa urembo. Linakaa sawasawa juu ya mafiga matatu na moto unalilamba pande zote. Ndicho chombo kilichosanifiwa vizuri kwa mahali pake: kuni zipo, na mtu yupo nyumbani kutwa. Kiweke kwenye jiko la gesi, kinayumba. Kosa si la chungu. Maisha ndiyo yamebadilika.

Kwa maisha haya mapya, huku milimani, chombo cha kwanza kununua baada ya sufuria, kisu na mwiko ni sufuria la presha. Si kitu kipya. Mfaransa Denis Papin alilionyesha London mwaka 1679, akilainishia mifupa. Siri yake ni mfuniko usiopitisha mvuke. Mvuke ukibanwa, maji yanalazimika kupanda joto kabla ya kuchemka, na hata Mbeya ndani ya sufuria hilo unapata nyuzi zaidi ya 110. Ni kama umeyateremsha maharage yako mpaka Pwani ukayapitiliza. Yaliyolowekwa usiku huiva kwa chini ya saa moja.

Najua mnaliogopa. Jirani yangu mmoja Iringa, mama mtu mzima, nilimwamkia nikamwonyesha. Akanijibu, "Marahaba mwanangu, lakini hilo bomu lako lipikie mbali na nyumba yangu." Hofu yake ina msingi, masufuria mabovu yapo. Kwa hiyo ukienda dukani usiangalie rangi. Kwanza, mfuniko ukishajifunga ukatae kufunguka mvuke ukiwa bado ndani. Pili, mvuke uwe na njia mbili za kutokea, ile ya kawaida na ya dharura, ili moja ikiziba nyingine ifanye kazi. Tatu, muulize muuzaji: mpira wa mfuniko ukichoka, nitaupata hapa hapa mjini? Akianza kujiumauma, mrudishie chombo chake. Nne, tako liwe nene, la sivyo maharage yatashika chini. Ukubwa wa lita 5 au 6 unatosha familia, na maharage usivuke nusu ya sufuria, maana yanavimba na kutoa povu linaloziba tundu. Osha tundu hilo kila ukipika.

Lipo pia la umeme. Wengi wanaogopa LUKU itakimbia. Tupige hesabu pamoja. La wati 1,000 likivuta umeme mfululizo kwa nusu saa, ni nusu uniti. Na likishafikia presha halivuti mfululizo, linajizima na kujiwasha. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika maharage yanakusubiri. Kama mtaa wenu unakatika sana, chukua la kuweka juu ya gesi.

Na kama fedha haijatosha, Iringa tuna vikapu vya milulu. Kinunue kikubwa chenye mfuniko, kijaze vipande vya blanketi kuukuu. Chemsha wali dakika chache, ingiza sufuria kapuni, funika vizuri. Utajiivia wenyewe bila moto, na Julai ile baridi yetu utaukuta bado wa moto. Kapu hilo haliongezi joto, linalinda tu lililopo, kwa hiyo kwa maharage makavu usilitegemee.

Nisiwachoshe. Watengenezaji wengi wa vyombo tunavyoviona kwenye simu hawajawahi kuchemsha chochote Uyole. Siwalaumu, hawatujui. Ila fedha ni yako na jiko ni lako. Kabla hujalipa, jiulize unapika nini mara nne kwa wiki, kinachukua saa ngapi, na nani anakaa pale kukichungulia. Nunua kile kitakachomrudishia mtu huyo saa zake. Hiyo mashine ya vitunguu itasubiri.