Salamu za Bimkubwa

Jioni, baada ya sala ya alasiri, huteremka taratibu mpaka Forodhani nikakaa juu ya ukuta unaotazama bahari. Bustani hii iliyotengenezwa mwaka 1936 imekwishabadilishwa sura, na Beit al Ajaib iliyo nyuma yake iliporomoka upande mmoja Disemba 2020. Watoto lakini ni wale wale: wanakimbia, wanajitupa majini, wanapanda, wanajitupa tena. Hapa ndipo alipokuwa akikaa marehemu kaka yangu baada ya kustaafu jeshini, wajukuu wamemzunguka, kila mmoja na gilasi yake ya maji ya miwa. Mpita njia asingejua kwamba mzee yule mpole alikuwa mwanajeshi tangu ujana wake.

Alijiunga na Jeshi la Wananchi mwaka 1966. Jeshi lenyewe lilikuwa changa, kwani liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya askari kule Tanganyika mwezi wa Januari mwaka huo. Mama yetu, ambaye sote tukimwita Bimkubwa, hakupendezewa, kwa sababu alitaka mwanawe awe seremala kama baba. Kaka akaenda zake Bara, akahamishwa kambi hii na ile, lakini moyo wake ulibaki nyumbani Kikwajuni. Akija likizo, maji alichota yeye, na bintiye mkubwa alimsuka nywele yeye mwenyewe, hadharani, juu ya baraza. Wanaume wa mtaani walimcheka. Yeye alimaliza msuko wake, ndipo akawaamkia.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Tarehe 2 Novemba tulikusanyika kwenye redio kumsikiliza Mwalimu Nyerere akilitangazia taifa vita. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, sijapata muda mrefu tangu kutoka chuo cha ualimu. Kaka alikuwa ameshapelekwa mpakani. Barua zake hazikuwa na habari ya vita hata chembe. Aliuliza kama jino la mwanawe wa pili limeng'oka, kama paa limezibwa, na kama binti yake ameshajua kugawa kwa tarakimu mbili. Siku moja aliniagiza nimpelekee ukurasa wa daftari lake la hesabu. Ulirudi umesahihishwa kwa penseli.

Januari 1979, mwezi ambao askari wetu waliingia Mutukula, Bimkubwa alifariki dunia. Baada ya maziko wazee walikaa, wakakata shauri kwamba kaka asiambiwe. Walisema askari mwenye huzuni hukosea, na kosa la vitani halina la pili. Kalamu nikapewa mimi. Basi asubuhi niliwafundisha watoto wa skuli ubaya wa uongo, na usiku nikaandika: "Bimkubwa hajambo, anakusalimu sana." Masaka ikaanguka Februari, Kampala ikatekwa tarehe 11 Aprili, nami naandika hayo hayo. Kila jibu lake lilimalizia kwa maneno mamoja: "Nisalimie Bimkubwa."

Alirudi katikati ya mwaka ule. Nilimpokea bandarini, na badala ya kwenda moja kwa moja nyumbani nikampitisha Forodhani ili nipate pa kuanzia. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Tulipofika kwenye ukuta huu aliweka begi lake chini.

"Mwalimu," akaniita, "Bimkubwa amefariki lini?"

Ulimi ulikuwa mzito. Nilipoweza kusema, nilimtajia mwezi, kisha nikamwuliza alijuaje.

"Bimkubwa hajapata kuniletea salamu tupu. Lazima aagize kitu, mara kahawa ya Bukoba, mara sufuria. Barua tatu zimekuja hana analoagiza. Nikajua."

"Mbona basi uliendelea kumsalimia?"

"Niliona mmeamua kunipunguzia mzigo. Ningesema najua, ningewarudishia nyinyi." Akanyamaza akiitazama bahari. "Khitma yake niliisoma peke yangu handakini, kwa kunong'ona. Mlikuwa na nia njema, mdogo wangu, lakini mlininyima kumlilia mama yangu pamoja nanyi. Usimfanyie mtu mwengine."

Hakupaza sauti, wala hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa. Tuliinuka tukaenda makaburini, yeye bado na begi lake begani.

Katika miaka yangu ya ualimu mkuu, nililetewa ombi la namna hii si mara moja: "Mwalimu, baba yake amefariki, lakini usimwambie mpaka amalize mtihani." Niliwaelewa wazee wale, maana mimi pia nilikuwa mmoja wao. Hata hivyo sikukubali. Nilimwita mtoto ofisini, nikakaa naye kiti kwa kiti, nikamwambia, na nikamsindikiza kwao. Wako waliokasirika nami. Kati ya watoto wale, sikusikia hata mmoja aliyelalamika.

Alipofariki Jenerali David Musuguri, Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, watu walikumbushana jinsi alivyoiongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala. Ni haki yake. Kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake, wakiwemo wale waliolala Kaboya, na hiyo pia ni haki yao. Mimi siku hizo humkumbuka askari mmoja wa kawaida, na penseli yake ikisahihisha hesabu za mtoto mbali na nyumbani.

Alipokuwa mgonjwa wa mwisho aliwaita wanawe wote, akawaeleza mwenyewe hali yake, bila ya kuficha. Aliyempaka mafuta miguu mpaka siku ya mwisho ni binti yule aliyekuwa akimsuka barazani. Nasi sote tulikuwepo, tukamlilia pamoja. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na Bimkubwa wake.