Bunju wa Msimbati, mdogo lakini usimchezee!

Kwetu Nalasi, wilayani Tunduru, ukisema samaki watu wanaelewa kambale au perege wa Mto Ruvuma, basi. Bahari tuliisikia redioni. Sasa mimi nimeolewa na mtu wa Msimbati, kule Mtwara, na bwana ameanza wimbo wake: "Mke wangu, tuhamie kwetu." Nikamwambia twende kwanza nikaione hiyo bahari inayotaka kuninyang'anya mikorosho yangu.

Safari ni ndefu jamani. Vumbi hadi Tunduru, halafu lami ya Masasi mpaka Mtwara mjini, halafu tena gari la kubanana kupita Madimba kwenye mitambo ya gesi. Kilichonichekesha ni kwamba maji ya mvua ya kwetu nayo huishia huko huko. Ruvuma inaingia Bahari ya Hindi kusini tu ya Msimbati.

Asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa, shemeji yangu ambaye ni mvuvi alinipa miwani ya kuzamia na kunipeleka mwambani. "Shem, weka uso majini, ila usishike kitu."

We acha tu! Katikati ya matumbawe walipita samaki wawili, wafupi kuliko kidole changu, wa kahawia, wamejaa vidoa vyeupe vya kibuluu, na doa moja jeusi mgongoni kama jicho. Mdomo umechongoka, tumbo kama kiazi. Wanatembea wawili wawili, akikata kona huyu na yule anakata.

"Hao bunju," akasema shemeji. Hawavuki sana sentimita 11, lakini wana sumu ile ile ya bunju wakubwa, na kupika hakuiondoi. Aliyekula huanza kufa ganzi midomo na ulimi, kisha mwili unalegea mpaka pumzi inakata. Dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Mgonjwa akimbizwe hospitali asaidiwe kupumua. Kwa hiyo ukiletewa bunju kama zawadi, msomaji, shukuru halafu usipike.

Yupo bunju mwingine mdogo, mweupe mwenye mabaka meusi mgongoni na vidoa ubavuni. Huyo dume anaweza kuwa na wake hadi saba. (Wanaume, msichekelee: kila mke ana eneo lake, na bwana lazima azunguke kote kila siku.) Mayai hutagwa kwenye mwani na kuachwa bila mlinzi, kwa kuwa nayo hayaliki. Tena kuna tapeli, ndugu wa kikande, asiye na sumu kabisa, aliyejichora mabaka na vidoa vile vile ili aogopwe bure. Mtaani kwetu wapo wengi wa namna hiyo.

Mbele kidogo raha ikaisha. Matumbawe yamelala kama vigae vya chungu, hakuna samaki hata wa dawa. Baruti. Miaka ya 1990 na 2000 Mtwara ililia sana na uvuvi huo, ingawa eneo hili lilitangazwa Hifadhi ya Bahari mwaka 2000 na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inaukataza. Misako ya miaka ya karibuni imeupunguza mno, lakini vipande vile bado vinaviringishwa na mawimbi, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobiringika. Bunju mwenyewe, sumu inayomtisha kila mlaji haimsaidii kitu mbele ya mlipuko.

"Na ninyi wa juu mnaokata miti kando ya mto," shemeji akanichokoza, "tope lenu tunalipokea sisi." Ni kweli, matumbawe yanataka maji maangavu, viumbe vidogo vinavyoyalisha haviishi bila jua, na tope huyafunika. Nikamjibu kwamba mikorosho yetu haijawahi kulipua mtu. Tulicheka, ila usiku nililiwaza shamba letu la bondeni, lile ambalo bwana alitaka tulifyeke lote kabla ya kuhama.

Tumekubaliana hivi: bondeni hatufyeki, korosho tunavuna Nalasi, msimu ukiisha tunashuka Msimbati. Bwana bado ananuna kidogo. Mama mkwe yeye ameshanionyesha kiwanja, pale minazini, na ameniambia niende na viatu vigumu, maana nilikanyaga miiba ya bahari na akanichomoa mmoja mmoja mpaka saa tano usiku.