Vanga, Mji wa Mpakani

Likizo zikifika, wengi wetu wa Makadara na Mji wa Kale huelekea kaskazini, Malindi au Lamu. Juma hili twawaalika kusini, Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya, karibu na mlango wa Mto Umba.

Safari huanzia kivukoni Likoni. Baada ya Ukunda, Msambweni na Ramisi, utafika Lunga Lunga. Barabara kuu huendelea hadi Horohoro, Tanzania. Wewe utakata kushoto kuelekea baharini. Msisahau vitambulisho, kwani hiyo ni njia ya mpakani.

Mto Umba hutoka milima ya Usambara. Maji yake hunywesha mpunga, lakini mvua zikizidi huko juu, mafuriko huwafikia watu wa Vanga hata kama kwao hakukunyesha. Upande wa bahari, kinga yao ni mikoko. Wenyeji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu huitunza pamoja katika mradi wa Vanga Blue Forest, wakifuata mfano wa wenzao wa Gazi, na fedha za kaboni zipatikanazo hutumika kwa mahitaji ya vijiji vyao.

Wavumba, wenyeji wa asili wa huku, walikuwa na mji wao, Vumba Kuu, uliotawaliwa na Diwani, na lahaja yao ya Kivumba ingali yasikika Vanga na Wasini. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, wakaafikiana kuwa mpaka uanzie kwenye mlango wa Umba. Baadaye ulisogezwa hadi Ras Jimbo, kusini mwa mji. Hivyo Vanga ikawa ya Waingereza, na Jasini, jirani yake wa karibu, ikawa ya Wajerumani. Januari 1915 majeshi ya pande hizo mbili yalipigana papo hapo Jasini, na wengi waliokufa walikuwa wageni, Wahindi na Waafrika, walioletwa kupigania mstari usiowahusu.

Vita vilikwisha, mpaka ukabaki. Hata hivyo, ukoo haukukatika: ndugu mmoja yuko Vanga, mwingine Jasini au Tanga, na harusi na matanga huwakutanisha. Kinachoukata sasa si mpaka, bali ni sisi kutotembeleana. Wazee wajuao nani ni nani wanatutoka, nao watoto wetu hawayajui hata majina.

Basi mama, kabla ya kufunga safari, keti na bibi wa nyumba. Muulize tuna nani Vanga, tuna nani ng'ambo, na mtoto mmoja aandike. Kisha nendeni na karatasi hiyo mkabishe hodi. Kuunga udugu ni ibada, na magofu ya Vumba Kuu yatawangoja, wazee hawatangoja.