Mlango Uliofungwa

Wahenga walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Kama ni hivyo, basi waraka uliofika ukakosa kusomeka ni rafiki aliyesimama kizingitini, asiweze kuingia wala kurudi alikotoka.

Uchungu huo si mgeni. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, pwani ya Mtwara, akaanza safari yake ya mwisho ya bara. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alimletea mfuko wa barua zilizokuwa zimelala Unyanyembe. Hazikupotea; zilikosa njia tu.

Siku hizi barua hazibebwi na wapagazi, lakini kulala zingali zikilala. Karani wa chama cha wakulima wa korosho, katika kijiji kimoja karibu na mlango wa Mto Ruvuma, aliwasha kompyuta yake asubuhi moja ya msimu wa minada. Alihitaji barua moja, iliyotaja kilo zilizopokewa ghalani, ambazo wakulima kadhaa walidai kuwa hawakulipwa. Programu ya baruapepe, Thunderbird, ilikataa kufunguka. Ilisema kwamba imekwisha funguliwa. Walakini hapakuwa na dirisha lolote kiooni. Fundi mmoja akashauri kila kitu kifutwe, waanze upya. Wakulima walioketi barazani wakatazamana, maana kufutwa kwa barua kulikuwa sawa na kufutwa kwa madai yao.

Mwalimu kijana akasema kwa upole, "Mzee, nyumba imefungwa, haijaungua. Tusibomoe ukuta."

Maneno hayo ndiyo elimu yote ya jambo hili. Programu ni mlango. Barua zimo chumbani, yaani katika folda iitwayo profaili. Programu inapoitumia folda hiyo huifunga, ili nyingine isije ikaandika humo wakati uleule na kuziharibu barua. Huenda dirisha likafungwa, ilhali programu yenyewe ingali macho kwa siri, imeshika ufunguo. Ajaye mlangoni huambiwa kuwa nyumba ina mtu, na ni kweli.

Atafutaye dawa na amwige nahodha wa mlango wa Ruvuma, ambako mafungu ya mchanga huhama: hupima kina kwa pondo kabla ya kusogeza chombo. Kwanza kompyuta huzimwa na kuwashwa tena, ili aliyejificha ndani atoke. Lisipofaa hilo, profaili nzima hunakiliwa mahali pa salama. Ndipo, katika Windows, faili ndogo iitwayo parent.lock huondolewa. Ikikataa bado, programu hufunguliwa huku kitufe cha Shift kimeshikiliwa, ili viongezi vyake vikae kando. Mwisho kabisa ndipo programu huondolewa na kuwekwa upya, na hata hapo kwa kawaida profaili hubaki.

Karani hakuvuka hatua ya kwanza. Kompyuta iliwaka, barua zikajipanga, na kilo zikasomwa kwa sauti mbele ya wenyewe. Baadhi ya madai yalithibitika, mengine hayakuthibitika. Lakini kila mtu aliondoka amejibiwa. Pupa ya kufuta ingewanyima haki hiyo wote, mdai na mdaiwa. Na kumbukumbu ikitoweka, mnyonge ndiye hupoteza kwanza.